Adapalini usiku, losheni ya jua asubuhi: uzoefu wangu wa kuchanganya dawa za uso

Kati ya vyote nilivyowahi kupaka usoni, jeli ya adapalini ya asilimia 0.1, dawa ya chunusi, ndiyo pekee ambayo tyubu ikiisha naenda kununua nyingine bila kujiuliza mara mbili. Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu dawa hii haielewani na kila kitu kilichopo kabatini, na karatasi ya ndani ya boksi haikuambii ipatane na nini. Hapo ndipo watu wanapoungulia, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Ngozi yangu ni nyeusi, ina mafuta, na kila siku inapanda basi la mwendokasi la Dar, Kimara hadi Kivukoni. Jasho na vumbi ni vya kawaida. Chunusi zenyewe hazikuwa zikinikera sana kama madoa yake. Chunusi hukaa siku kadhaa ikaondoka, doa lake hukaa miezi. Na ngozi yetu hii huweka doa kwa kila kinachoichokoza: chunusi, kucha, hata dawa ya chunusi yenyewe ikiwa kali mno. Ukijua hilo, ushauri mwingi unaosikia wa kupanga vitu vitano sita usoni kila usiku unaanza kukutia shaka. Ngozi ikiwaka, umejitengenezea lile doa ulilokuwa unalikimbia.

Adapalini ni ya ukoo wa vitamini A. Inazuia vinyweleo visizibe, na kidogo kidogo inasaidia madoa kufifia. Marekani iliuzwa kwa cheti cha daktari hadi mwaka 2016, ndipo hii ya asilimia 0.1 ikaruhusiwa kuuzwa bila cheti. Haina haraka. Matokeo hupimwa baada ya kama wiki 12, na mwanzoni mambo huharibika kwanza: chunusi zilizokuwa chini zinajitokeza, ngozi inababuka kando ya pua na pembeni mwa mdomo. Mimi nilibabuka kiasi cha watu ofisini kuniuliza kama nimeungua na mvuke. Aliyeniuzia alikuwa ameshanionya: "Dada, hii si losheni. Ukiijaza usoni utarudi hapa kutafuta dawa ya kuungua."

Kipimo chake ni punje moja ya njegere kwa uso mzima. Si kwa kila shavu, uso mzima. Naosha uso kwa sabuni laini isiyo na harufu, naacha ukauke kabisa (ngozi yenye maji hunywa dawa haraka na kuchonyota), napaka mafuta mepesi, kisha adapalini, kisha mafuta tena. Pembe za macho, mdomo na mabawa ya pua nazikinga kwa vaselini. Nilianza usiku mmoja napaka, mmoja napumzika, na kusema kweli hadi leo sijaona sababu ya kupaka kila usiku.

Sasa majirani zake.

Benzoili peroksaidi inaua bakteria wa chunusi, na uzuri wake bakteria hao hawaizoei kama wanavyozoea antibayotiki. Ukiwa na tretinoini, binamu mkali wa adapalini, usizipake pamoja, maana tretinoini ya kawaida huharibiwa na benzoili na pia na mwanga. Adapalini inavumilia, ndiyo maana zipo jeli zilizotengenezwa kiwandani zikiwa na zote mbili, asilimia 0.1 ya hii na 2.5 ya ile. Pamoja na hayo mimi nimezitenganisha. Benzoili naitumia asubuhi kama sabuni, naiacha usoni dakika chache, nasuuza. Asilimia 2.5 inatosha, ya 10 inakausha zaidi bila kuponya zaidi. Kinachonikera ni kwamba inachujua rangi ya nguo. Taulo, foronya, kola ya shati, kanga ya kujifunga asubuhi, vyote vinatoka mabaka. Nunua taulo nyeupe, ugomvi uishe.

Asidi ya azelaiki ya asilimia 15 au 20 ndiyo niliyoipenda kuliko nilivyotarajia. Inafanya kazi kwa chunusi na kwa madoa, na hata mjamzito huruhusiwa kuitumia, wakati adapalini anapaswa kuiacha. Inawasha dakika za mwanzo kama umepitiwa na upupu, halafu inatulia. Naipaka asubuhi baada ya kuosha uso, na siku ngozi ikiwa imechoka naiacha.

Vitamini C sikuendelea nayo. Ile ya asidi askobiki inataka mazingira makali ya asidi, pH chini ya 3.5, ili iingie kwenye ngozi, na inaharibiwa na hewa, mwanga na joto. Chumba changu hakina kiyoyozi. Seramu ilibadilika ikawa na rangi ya chai ya rangi kabla haijafika nusu ya chupa. Mwenye friji na hela ajaribu, mimi hela hiyo naihamishia kwenye losheni ya jua.

Niasinamidi, aina ya vitamini B3, haina shida na mtu. Unaweza kuiweka kabla au baada ya karibu kila kitu, hata na vitamini C. Ile hofu kwamba zinauana ni ya zamani na haihusu bidhaa zinazouzwa sasa. Ukianzia asilimia 4 au 5 hukosi kitu.

Asidi za kubabua ngozi, yaani glikoliki, laktiki na salisiliki, hizo sizipaki usiku mmoja na adapalini. Binamu yangu alipaka tona ya glikoliki, akafuatisha adapalini, na asubuhi akajisugua kwa sabuni yenye chembechembe ili "atoe magamba". Kufikia Jumapili hakuweza hata kuosha uso kwa maji bila kulia. Daktari wa ngozi alimwondolea kila kitu, akabaki na sabuni laini na mafuta mazito mpaka ngozi ikajifunga. Chunusi zake zilikuwa kidogo sana. Madoa ya kuungua ndiyo aliyohangaika nayo baadaye. Kama unazitaka asidi hizi, zipe usiku wake, na ngozi ya mafuta hasa ingeanza na salisiliki ya asilimia 2 kwa sababu inapenya kwenye mafuta yaliyoziba vinyweleo.

Lipo jambo ambalo watu wengi wananiuliza kwa kunong'ona: je, naweza kuchanganya na krimu yangu? Krimu yenyewe ni mkorogo wa Kariakoo, kopo halina orodha ya vilivyomo. Jibu ni hapana. Ndani ya mikorogo hiyo mara nyingi kuna haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi), zebaki, au steroidi kali kama klobetasoli. Steroidi inakondesha ngozi na kuzima dalili, kwa hiyo unaweza kupaka adapalini juu yake ukaona kila kitu kinaelewana vizuri. Siku ukiacha krimu, uso unalipuka chunusi na wekundu, na wewe unailaumu adapalini. Haidrokwinoni nayo ikikutana na benzoili huweza kuipaka ngozi rangi ya kahawia kwa muda. Anayetaka kutoka kwenye mkorogo aende kwa daktari wa ngozi kwanza, kwa sababu steroidi iliyotumika muda mrefu huachwa kwa utaratibu. Adapalini ni dawa, inunuliwe duka la dawa. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, na dawa ziko TMDA, mamlaka ya dawa, hivyo jeli ya dawa iliyopangwa kati ya wanja na rangi ya kucha inatosha kukufanya ugeuke.

Losheni ya jua ndiyo inayoamua kama haya yote yana faida. Adapalini na zile asidi zinafanya ngozi iwe nyepesi kuungua, na jua linakoleza madoa haraka kuliko dawa inavyoyafuta. SPF ni kipimo cha kinga ya jua: SPF 30 inazuia takriban asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza ngozi, SPF 50 asilimia 98, kwa hiyo usivunje benki kwa tofauti hiyo ya moja. Kiasi ndicho kinachoangusha watu: mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili, kwa uso na shingo. Zenye zinki oksaidi nyingi zinatuacha na uso wa jivu. Nilihamia yenye rangi, iliyowekwa oksaidi ya chuma, kwa sababu mbili: inafanana na mimi, na oksaidi hiyo inazuia pia mwanga wa kawaida unaoonekana, ambao kwa ngozi nyeusi nao unakoleza madoa. Kuna wanaosema losheni ya jua ni mambo ya wazungu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kunatengenezwa KiliSun ya SPF 30 kwa ajili ya Watanzania wenye ualbino, ambao kwao jua ni hatari ya saratani. Si mapambo hata kidogo.

Tatizo la losheni nililobaki nalo ni kupaka tena mchana juu ya jasho. Nafuta kwanza kwa tishu kavu, napaka kabla ya kutoka kwenda kula. Siku nyingine sipaki, nabeba mwavuli.

Kwa bei, tyubu ya gramu 15 ninayoipata mjini inanipeleka muda mrefu kwa sababu ya ile punje ya njegere, na ukilinganisha na seramu za chupa ndogo, adapalini ni rahisi. Wenye ngozi kavu au yenye pumu ya ngozi wasianze bila kumwona daktari. Wanaopanga kubeba mimba waache.

La mwisho, la wanaokwenda harusini. Siku chache kabla ya kutoa nyusi kwa nta acha kupaka, nta inaondoka na ngozi. Na singo ya usoni isahau kabisa kwa kipindi hicho. Kwenye harusi ya mdogo wangu somo alitaka kutusugua wote, kuanzia kichwani. Nilipomweleza akasema, "Mwanangu, singo haijapata kumuunguza mtu." Nikamwambia, "Kweli somo, ila mimi nina dawa usoni." Akanisugua kuanzia shingoni kushuka chini, kwa nguvu maradufu.