Usikimbilie eabrashi (bomba dogo la kupulizia rangi kwa hewa): vifaa vya kuchakaza treni ya modeli na mandhari yake, vile ningevipanga mimi

Mtu akianza kujenga reli ya modeli pesa zote zinaishia kwa injini, halafu ile injini inakaa juu ya meza inang'aa kama sahani mpya na hapo hapo jicho linajua hiki ni kichezeo, hata kama ribiti zote ziko mahali pake. Kinachofanya mtu aamini ni uchafu. Vumbi, kutu, masizi, ile michirizi myeupe ya chokaa inayoachwa na maji ya boila. Kwa hivyo huu ni mwongozo wa kununua uchafu, na nimeupanga vile ningetumia pesa yangu kama ningeanza upya leo.

Kwanza mjue najenga nini manake rangi zinafuata mahali. Yangu ni kipande cha reli ya zamani ya upana wa mita moja upande wa Voi, enzi zile Garratt za klasi 59, injini kubwa za mvuke, zinavuta mizigo kutoka Mombasa kupanda Nairobi. Zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester miaka ya 50, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zikapakwa rangi ya damu ya mzee, na moja yake, 5918 Mount Gelai, ipo makumbusho ya reli Nairobi, nenda usimame kando yake uone gurudumu linakufika wapi. Najenga kwa skeli ya 1:87 juu ya reli ya upana wa milimita 12, kwa sababu mita moja ukiigawa kwa 87 unapata 11 na nusu hivi, na reli za 12 zinauzwa tayari, Peco wanazo. Sasa shika hili: injini hizi zilichoma mafuta, sio makaa. Usinunue unga wa makaa wala majivu kwa ajili yake. Uchafu wake ni masizi meusi juu ya boila na paa la kebini, na huku chini ni vumbi jekundu la Tsavo, lile lile ndovu wa kule wanalojimwagia mpaka wanaonekana wekundu.

Kabla ya yote nunua vanishi isiyong'aa, mkebe mmoja wa kupuliza. Hii siipangi namba kwa sababu bila hii hakuna kingine kitakachoshika, unga wa rangi unateleza kwenye plastiki inayong'aa. Pulizia siku kavu. Mimi nilipulizia Mombasa mwezi wa tano mvua inanyesha na behewa zima likavaa ukungu mweupe, unyevu ulinaswa ndani ya vanishi, ikabidi nilipake rangi upya lote.

Namba moja kwangu ni pasteli laini, zile chaki za wasanii. Ndio, naziweka mbele ya vichupa vya kampuni za modeli. Unasugua chaki kwenye msasa mwembamba juu ya karatasi, unapata unga, unaupaka kwa brashi kuukuu laini, na ukikosea unafuta kwa kitambaa chenye maji unaanza tena, hiyo nafasi ya kukosea ndio mtu anayeanza anaihitaji kuliko kitu kingine. Ukiweza kununua moja moja chukua nyeusi, kijivu, kahawia iliyokolea, rangi ya kutu na rangi ya matofali, changanya hizo mbili za mwisho mpaka ufanane na udongo wako. Ila angalia boksi vizuri! Kuna pasteli za mafuta zinazowekwa rafu moja na kreyoni za watoto, hizo hazisagiki, zinapakaa kama nta na umeumia. Chaki ya ubaoni nayo haifai, rangi yake ni hafifu na ukiweka vanishi inapotea.

Namba mbili, pigmenti za kichupa, yaani unga wa rangi uliosagwa tayari, za Vallejo, AK Interactive au Humbrol. Ni laini zaidi ya pasteli na zinashika vizuri, na kwa kutu hakuna kinachozishinda, weka tone la spiriti mahali pale, gusa na unga, acha ikauke, unapata kutu yenye mwili kabisa. Mbona basi sio namba moja? Bei, na kwa wengi wetu kusubiri mzigo kutoka nje. Pia kila kampuni inauza rangi za udongo kumi lakini ni udongo wa Ulaya na wa jangwani, wekundu wetu sijaupata kwenye kichupa chochote. Nunua tatu tu, masizi, kutu mpya na kutu nzee. Na ukipulizia vanishi juu ya unga ujue nusu ya kazi itafifia, kwa hivyo paka kupita kiasi kwanza, au acha bila vanishi kama hakuna anayeishika injini.

Namba tatu ni woshi, rangi nyepesi sana inayokimbilia kwenye mianya. Unaweza kununua tayari au utumie tyubu moja ya rangi ya mafuta ya kahawia na spiriti nyeupe, tyubu hiyo itakukalia miaka. Hapa ndipo unapata ile michirizi ya chokaa, chora mstari mwembamba mweupe wa kijivu kutoka kwenye injekta (kile kifaa cha kusukuma maji ndani ya boila) na chini ya valvu za usalama, halafu uvute kwenda chini na brashi iliyolowa kidogo tu. Fuata picha za zamani, sio injini ya makumbusho, ile imepakwa rangi safi ya kuonyeshwa.

Namba nne, vile visahani vya Tamiya vinavyofanana na poda ya wanja. Vizuri kwa mtu anayefanyia kazi kwenye meza ya kulia chakula, havimwagiki, lakini rangi ni chache na vinaisha haraka.

Ya mwisho ni eabrashi. Najua wengi wanaanza nayo. Inatoa vumbi la chini ya fremu vizuri mno, hilo sibishi, lakini huwezi kuinunua peke yake, inataka kompresa, kichujio cha maji (huku pwani bila hicho itakutemea matone), barakoa ya maana na mahali pa kupulizia, na kila ukibadilisha rangi unaiosha. Ukishafika mabehewa kumi nunua, chukua ya sindano ya milimita 0.3 yenye kidhibiti cha hewa na rangi pamoja.

Sasa mandhari, na hapa weka pesa kidogo sana. Udongo usinunue. Nilibeba mfuko mmoja kutoka Voi, nikauoka kwenye oveni kuua wadudu, nikauchekecha kwa chujio la chai halafu kwa soksi ya nailoni, kwa sababu chembe ya milimita moja kwenye skeli hii ni jiwe la karibu sentimita 9. Halafu, tafadhali, pitisha sumaku mara tatu nne. Udongo mwekundu una chembe za chuma na zikinyonywa na mota ya injini unazika injini, mimi nimeshazika moja.

Nyasi ndizo za kununua, nyuzi za nailoni za milimita 2 na 4, na chukua rangi ya nyasi kavu, sio ile kijani ya Uingereza baada ya mvua. Mashine ya kuzisimamisha wima kwa umeme ni ghali, watu wanaitengeneza kutoka kwa raketi ya umeme ya kuua mbu na chujio la chuma, inafanya kazi, lakini inapiga shoti hata ukishaizima, kama hujui umeme mpe fundi. Miti ya dukani karibu yote ni misonobari, acha. Kijiti kikavu chenye matawi na sponji iliyokatwakatwa bapa juu kinakupa mgunga.

Reli zenyewe: huku kwetu mataruma mengi yalikuwa ya chuma, kwa hivyo yale ya plastiki yaliyochorwa mbao yapake rangi ya kutu kabla ya kumwaga kokoto. Gundi ni ile nyeupe ya mbao, nusu kwa nusu na maji na tone la sabuni ya vyombo ili izame, idondoshe kwa bomba la sindano la duka la dawa. Na kabla haijakauka pitisha kitambaa juu ya reli, ikikauka pale umeme haupiti tena na utaikwangua usiku kucha.