Python na memori: nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa sababu ya duara la vitu vinavyoshikana

Nina miaka sita na Python, lugha ya kuandikia programu, na hapa naipa maksi kwa jinsi inavyotunza memori. Kazi yangu ni skripti inayopokea picha za bidhaa za wauza nguo, inazikata, inazipunguza saizi, inazirudisha, usiku na mchana, kwenye kaseva ka kukodi ka GB 1. Kwahiyo hapa anaongea mtu ambaye kila MB anailipia, sio wewe mwenye GB 64 mezani.

Kwanza niisifie. Kwenye Python ya kawaida (CPython, ile ambayo wengi wetu tunadaunlodi) kila kitu kina kaunta yake inayohesabu wangapi wamekishika, ukikipa jina inapanda, ukikitupia kwenye listi inapanda tena, jina likitoka inashuka, ikigonga sifuri kitu kinafutwa hapohapo. Hakuna kusubiri gari la taka lije Jumanne. Nikiwa na baiti za picha za MB 40 nikaandika del (amri ya kufuta jina), naangalia htop (programu inayoonyesha memori inayotumika) mstari unashuka papo hapo, raha tupu. Ila ukijaribu sys.getrefcount, fanksheni ya kuisoma hiyo kaunta, usishtuke, listi mpya yenye jina moja kwenye toleo la 3.11 nililonalo inakujibu 2 maana hiyo fanksheni nayo imeishika wakati inahesabu, na kwenye 3.12 ukiuliza None (thamani ya "hakuna kitu") unapewa 4294967295, yaani hicho kimepewa uzima wa milele hakihesabiwi tena.

Sasa tabu. Mimi nilikuwa na albamu inayoshika picha zake, na kila picha inaijua albamu yake. Wameshikana, hata kama huku nje hakuna anayewakumbuka kaunta zao hazifiki sifuri kamwe. Ndo maana tangu toleo la 2.0, mwaka 2000, kuna mzoa taka wa pembeni, modyuli ya gc, anayepita kutafuta hizo duara. Na mimi kwa ujuaji wangu nikamfukuza kazi! Nilisoma kwamba 2017 Instagram walimzima wakapata nafuu kama asilimia 10, nikaandika gc.disable() nikalala. Wenzangu wa Instagram walikuwa na prosesi (programu zinazokimbia) kibao zinazochangia memori moja na mzoa taka akipita anagusagusa kurasa mpaka zinanakiliwa upya, mimi nina prosesi moja, nachangia na nani? Saa nane usiku kernel (kiini cha mfumo wa kompyuta) ikaiua skripti, asubuhi dmesg (rekodi za kernel) inasema Out of memory na wateja washapiga simu kumi.

Nilichomoka kwa tracemalloc, kifaa cha Python cha kufuatilia memori, hii ipo tangu toleo la 3.4 na ni bure na sijui kwanini watu hawaitumii, unapiga snapshot (picha za hali ya memori) mbili unalinganisha inakuonyesha mpaka namba ya mstari. Ikaninyooshea kidole kwenye klasi ya albamu. Dawa yake weakref (kiungo dhaifu), picha inaijua albamu bila kuongeza kaunta, ila kumbuka kuiita kwa mabano na kuangalia isije ikawa None.

Kingine kinachokera, vitu vidogo vya baiti 512 kushuka chini vinapangwa kwenye mabloku makubwa (MB 1 kila moja tangu 3.10) na bloku halirudi kwa mfumo mpaka liwe tupu lote, kitu kimoja kikibaki humo ndo basi. Ukisoma CSV kubwa ukaitupa, htop bado inang'ang'ania namba ileile, unadhani kuna uvujaji kumbe hamna. Kazi nzito siku hizi naitupia multiprocessing, inayofungua prosesi ya pembeni, prosesi hiyo ikifa inaachia kila kitu.

Toleo la majaribio lisilo na GIL (kufuli linaloruhusu uzi mmoja tu wa Python kufanya kazi kwa wakati mmoja) lililokuja na 3.13 sijaligusa, mashine yangu ina kori moja.

gc nimemrudisha kazini, wiki ya tatu hii skripti haijavuka MB 180.