Portali ya uhamisho ya NCAA: inamtoa mchezaji mikononi mwa kocha, lakini haiwapatanishi

Kabla ya Oktoba 15, 2018, mchezaji wa futiboli ya Kimarekani aliyekosana na kocha wake chuoni alilazimika kumwomba ruhusa kocha huyohuyo ndipo vyuo vingine vizungumze naye. Akinyimwa, alikokwenda hakupewa ufadhili. Portali ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ni orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama; ilikomesha dhuluma hiyo, na kwa hilo inastahili sifa zote.

Inavyofanya kazi: ombi huandikwa kwa ofisi ya kanuni ya chuo, si kwa kocha. Chuo kina siku 2 za kazi kuliingiza jina, na likishaingia makocha wa vyuo vingine huliona na kuanza kupiga simu. Kugombana na kocha mbele ya kamera au kutangaza mtandaoni kwamba unaondoka hakuhesabiki kama ombi.

Udhaifu mkubwa ni muda. Kwa 2026 dirisha, yaani kipindi cha kuomba uhamisho, limebaki moja, Januari 2 hadi 16. Lile la Aprili limefutwa. Ugomvi ukizuka Septemba, wawili hao watavumiliana hadi mwaka mpya, au mchezaji aache kucheza. Hapo ndipo mechi ya 4 inapokuwa mpaka: asiyevuka mechi 4 anaweza kuuokoa mwaka wake wa kucheza, yaani msimu huo usihesabiwe katika miaka aliyoruhusiwa kuchezea chuo. Kelly Bryant aliondoka chuo cha Clemson 2018 baada ya mechi 4, kocha Dabo Swinney alipompa Trevor Lawrence nafasi yake ya kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi), kisha Bryant akachezea chuo cha Missouri msimu uliofuata. Matthew Sluka aliacha chuo cha UNLV 2024 baada ya mechi 3, zote za ushindi, upande wake ukidai ahadi ya malipo ya dola 100,000 haikutimizwa, chuo kilikana. Portali haiamui kesi kama hiyo. Ahadi ya mdomo haina pa kuwasilishwa, kwa hiyo malipo yaandikwe na kusainiwa kabla ya mazoezi ya kwanza.

Jina likiingia, chuo kinaweza kukata ufadhili muhula ukiisha. Kuliondoa jina kwenye portali kunaruhusiwa, ila kocha halazimiki kumrudisha mtu kikosini, na kocha aliyeaibishwa hadharani mara nyingi hatamrudisha.

Tena, portali haidhamini kocha wa huko mbele. Nico Iamaleava aliachana na Tennessee Aprili 2025 baada ya kukosa mazoezi, akaenda UCLA. Kocha aliyempokea, DeShaun Foster, alifukuzwa Septemba hiyohiyo baada ya kupoteza mechi 3 za mwanzo.

Kwa aliyekwisha kupata shahada ya kwanza, huduma hii ni nzuri kweli. Wa mwaka wa 2 au wa 3 ndiye anayeumia, kwa sababu ya masomo: kanuni inadai awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada anapoanza mwaka wa 3, 60 mwaka wa 4, na 80 mwaka wa 5. Chuo kipya kisipozitambua kozi zake, hesabu inashuka na anaweza kuzuiwa kucheza hata kama kocha mpya anampenda. Vyuo vingine haviruhusiwi kuzungumza naye kabla jina halijaingia, basi achukue matokeo yake rasmi mapema na kuyalinganisha mwenyewe na mtaala wa kila chuo anachokitazamia, kozi kwa kozi, kabla ya kuandika ombi.