Kadi ya jiji la Reykjavík: saa zetu zililiwa tumelala

Siku ile niliapa sitainunua tena kadi hii ya watalii maishani mwangu, na asubuhi yake nikainunua. Kwa hiyo anayetaka jibu la mkato, inafaa au haifai, anivumilie. Mpaka leo nikimkumbuka yule kijana wa mapokezi damu inanichemka, halafu namkumbuka mama yangu ndani ya maji ya moto na hasira inapungua, halafu namkumbuka tena yule kijana.

Nilikwenda Iceland na mama, kiangazi kimoja cha miaka hii ya karibuni. Mimi naishi Denmark, yeye alikuja kunitembelea kutoka Tanga, na kwa kuwa viza ya Schengen inafika mpaka huko nikaona tusiiache iishe bure. Sababu ya kweli ilikuwa magoti. Mama ana magoti yanayomsumbua miaka mingi, akipanda ngazi tatu anashika ukuta. Nilikuwa nimesikia kwamba Reykjavík, mji mkuu wa huko, maji ya moto yanatoka ardhini yenyewe, na kwamba mabwawa ya mtaani, ya watu wa kawaida kabisa, yana visima vidogo vya maji ya nyuzi 38 mpaka zaidi ya 40, ambamo wazee hukaa wakipiga soga mvua inyeshe isinyeshe. Wenyewe huviita vyungu. Kadi ya jiji inakuingiza kwenye mabwawa hayo, inakuingiza makumbusho, na unapanda nayo mabasi ya manjano ya mjini. Basi la kutoka uwanja wa ndege wa Keflavík halimo, wala mnara wa lile kanisa kubwa la Hallgrímskirkja. Bei na orodha atakayezitaka atazipata, sina haja ya kuzirudia.

Tulifika kwenye nyumba ya wageni inakaribia saa kumi na moja jioni, tumechoka hoi. Kadi zinauzwa palepale kaunta. Nikamwambia kijana anipe mbili za saa 24, tutaanza kuzitumia kesho asubuhi. Hilo neno kesho nililisema mara mbili. Mama, ambaye Kiingereza chake ni cha kusalimiana tu, aliniuliza pembeni, "Umemwambia kesho?" Nikamjibu nimemwambia. Kijana hakuinua macho kwenye simu yake. Alivuta droo, akatoa kadi mbili, akazipitisha kwenye kimashine chake moja baada ya nyingine, na mara zote mbili kikalia na kuwaka kijani. Nikamuuliza, mbona unazipitisha? Akasema anazijaribu kama nzima.

Basi hapo ndipo tulipoibiwa, na mimi nimesimama natazama. Kadi hii inahesabu saa tangu inapopitishwa mara ya kwanza. Haihesabu siku, inahesabu saa. Na makumbusho mengi ya mji ule hufunga saa kumi na moja jioni. Yaani tunapanda ngazi kwenda chumbani, mama ameshika ukuta, milango ya mji inafungwa, na huku saa zetu zimeshaanza kukatika kama bando la intaneti. Tukala mkate na mayai. Jua la huko kiangazi halitui mpaka karibu na usiku wa manane, mama akawa ananiuliza sala ya Magharibi iko wapi katika nchi hii, mwishowe akatundika kanga dirishani ndipo akapata usingizi. Saa kumi na sita nzima za kadi zililiwa tumelala.

Asubuhi hatukujua lolote. Tukapanda basi, kadi ikakubali. Makumbusho ya Taifa ikakubali. Na hapo lazima niseme kweli, hata kama nina hasira: kwa mlango mmoja tu uliomo mle ndani nisingeona uchungu kulipia kadi mara mbili. Unaitwa mlango wa Valþjófsstaður, ni wa kanisa, umechongwa mnamo mwaka 1200. Una duara mbili kubwa. Ya juu inasimulia hadithi ya mpanda farasi aliyemuua joka akamwokoa simba. Simba akawa anamfuata bwana yule kila aendako, na bwana alipokufa simba akalala juu ya kaburi lake akiomboleza. Duara ya chini ni majoka manne yaliyosukana miili huwezi kujua huyu anaishia wapi na yule anaanzia wapi. Katikati pana pete ya chuma iliyotiwa nakshi za fedha. Babu yangu mzaa mama alikuwa seremala Pangani, alichonga milango mpaka mikono ikamkataa, na mama amekua akiokota maranda chini ya meza yake. Alisimama pale kama nusu saa. Alikuwa anafuata mistari kwa kidole hewani, hagusi, kama anayechonga upya. Kisha akasema, "Fundi huyu simba hajapata kumwona. Lakini patasi aliijua." Mlinzi wa chumba alimletea kiti bila kuombwa.

Tukaenda pia pale mtaa wa Aðalstræti, chini ya ardhi, ambako wameyaacha mabaki ya nyumba ya karne ya 10 yalipokutwa, na kipande cha ukuta kilicho chini ya tabaka la majivu ya volkano lililoanguka kama mwaka 871, ndiyo sababu wanajua ni cha kale kuliko hapo. Mama hakupavutika. Kwake ule ni ukuta wa udongo, na kuta za udongo anazijua.

Jioni ndiyo tuliyoiweka kwa bwawa, maana mabwawa hufungwa usiku, makumbusho hufunga mapema. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Kazi ilikuwa kumshawishi mama. Desturi ya kule ni kwamba kabla ya kuingia bwawani unaoga kwa sabuni bila vazi lolote, mabafu ni ya pamoja, wanawake na wanawake, na ukutani kuna picha ya mwili wa mtu iliyotiwa rangi mahali pa kusugua: kichwani, kwapani, chini, miguuni. Si ukali wa bure, maji yao wanayatia klorini kidogo, kwa hiyo kila mtu lazima aingie safi. Nilimweleza mama yote hayo tangu Denmark, nikamnunulia vazi la kuogelea linalofunika mwili wote na kichwa. Siku tatu jibu lake lilikuwa moja: "Mimi nivuliwe nguo na umri huu, mwanangu? Magoti yangu nitayapaka mafuta."

Kilichomgeuza ni mahali tulipopita njiani. Mtaa mkuu wa maduka, Laugavegur, maana yake ni njia ya chemchemi za moto. Ulipewa jina hilo kwa sababu wanawake wa mji walikuwa wakipita njia hiyo na mizigo ya nguo, kama kilomita tatu, mpaka kwenye chemchemi za Laugardalur kufua. Chemchemi zenyewe, Þvottalaugar, zipo mpaka leo karibu na bwawa kubwa, na pana sanamu ya mfuaji nguo, kazi ya Ásmundur Sveinsson. Juu ya mfereji kuna vyuma vilivyopindwa kama matao, viliwekwa ili wanawake wasitumbukie kwenye maji yanayochemka, kwa kuwa walikuwa wanatumbukia. Mama alivishika vyuma vile. Naye alifua nguo mto Pangani akiwa msichana. Akasema, "Sisi tuliogopa mamba. Hawa waliogopa maji yenyewe." Akakaa kidogo, akavuta hewa ya harufu ya yai viza inayotoka pale, akaniambia, "Haya twende, kabla shetani hajanigeuza."

Naomba msomaji aelewe uzito wa maneno hayo. Siku tatu za kubembeleza! Tukavuka barabara, tukaingia bwawa la Laugardalur, taulo kwapani, mama kaushika mfuko wa vazi lake kwa mikono miwili. Naweka kadi, taa nyekundu. Naweka ya mama, nyekundu. Nyuma yetu foleni ya watoto na baba zao. Dada wa getini akazichukua kadi, akatazama kompyuta yake, akaniambia kwa upole kabisa kwamba muda umekwisha dakika ishirini zilizopita. Nikamwambia haiwezekani, tumeanza leo asubuhi. Akanigeuzia kioo nione: jana, saa kumi na moja kasoro dakika tano jioni. Kijana na kimashine chake.

Nilitetemeka. Si kwa sababu ya hela, kiingilio cha bwawa si kikubwa. Nilitetemeka kwa sababu mama alianza kukunja taulo lake upya, taratibu, na kusema, "Basi haikuandikwa." Ndipo nikaapa kile kiapo. Kadi gani hii ya kumtesa mtu? Nikalipa viingilio viwili, nikamshika mkono nikampitisha. Dada wa getini akatoka kwenye kiti chake akatusindikiza mpaka kwa mhudumu wa bafuni, wakazungumza kwao, na mhudumu akamwonyesha mama bafu la pembeni lenye pazia. Mama alioga mle peke yake na heshima yake.

Kisha akaingia maji. Nilimwona uso ukilegea. Kando yake alikaa bibi mmoja wa kule, mweupe kama maziwa, akamtazama mama magoti, akainua lake juu ya maji likiwa na kovu refu la kupasuliwa, akalipigapiga. Mama akainua la kwake akalipigapiga. Wakacheka. Hakuna lugha waliyoelewana, lakini saa nzima hawakunyamaza, huyu Kiswahili cha Tanga, huyu Kiaislandi. Alipotoka alipanda zile ngazi za kisima bila kushika chuma. Najua kesho yake yangeuma tena, si uchawi ule. Lakini alizipanda.

Tuliporudi nikamwendea kijana. Nilikwenda kwa adabu, Mungu ni shahidi. Nikamweleza: nilikwambia kesho, ukazipitisha jana. Akasema, macho kwenye simu, "Imeandikwa saa 24. Ulitakiwa usome." Nikamwambia kusoma nilisoma, ni wewe uliyezifungua. Akasema fedha hazirudi. Nikauliza kama anaweza walau kumwomba radhi mama yangu, amesimama hapa. Akamtazama mama mara moja, akamtazama kama unavyotazama begi lililozuia njia, akarudi kwenye simu. Hata "pole" hakuna. Mtoto wa watu, mzee amesimama mbele yako na fimbo, hata kuinuka kwenye kiti! Pale ningeandika kadi nzima ni utapeli, na niliandika, nikafuta.

Nilifuta kwa sababu usiku mama aliniuliza, "Kesho tunakwenda tena?" Na kwa kweli kadi haina kosa. Dada wa getini hana kosa, mlinzi aliyeleta kiti hana kosa. Mwenye kosa ni mtu mmoja na droo yake. Asubuhi nikanunua nyingine mbili, safari hii kwenye kaunta ya makumbusho, nikamwambia yule mama aliyeniuzia asizipitishe popote, zikae kwenye mkoba wangu mpaka nitakapozitoa mwenyewe. Akacheka, akaniambia bila shaka. Tukazifungua saa nne kamili asubuhi, nikaiandika saa hiyo kwa kalamu nyuma ya kadi. Tukaenda kwa feri kisiwa cha Viðey, upepo ukatuchapa, tukarudi. Jioni tukarudi kwenye vyungu.

Lakini siku ya kuondoka ndiyo ninayoipenda. Mama aliniamsha alfajiri, ameshavaa. Alikuwa amepiga hesabu mwenyewe: kadi inakufa saa nne, bwawa linafunguliwa saa kumi na mbili na nusu, "tuna saa tatu na nusu zetu, tukazidai." Tukaenda Sundhöllin, bwawa kongwe la mjini lililofunguliwa mwaka 1937, kazi ya Guðjón Samúelsson, msanifu yuleyule aliyechora ramani ya lile kanisa la Hallgrímskirkja. Pale kaunta ya nyumba ya wageni yule kijana alikuwa amesinzia, kichwa juu ya mkono. Mama alipita mbele yake bila kumsalimu, na mama yangu husalimia hata paka.

Mlangoni kwa bwawa alininyang'anya kadi yake. Akaiweka mwenyewe kwenye mashine, akangoja, taa ikawaka kijani. "Hai," akasema, akavua viatu akaingia.