Vihisi vya Presha na Joto kwa Vyumba vya Baridi vya Pwani: Nilivyovitumia na Ninavyovinunua Sasa

Kwa miaka minane nimekuwa nikihudumia vyumba vya kuhifadhia samaki na mitambo ya barafu, mingi ikiwa Dar es Salaam na michache Tanga na Kilwa, na karibu kila mtambo niliokabidhiwa ulikuwa na kompresa nzuri na paneli ya kisasa, huku vihisi vyake vikiwa vimenunuliwa mwisho kabisa, kwa fedha zilizobaki. Tathmini hii inahusu vihisi hivyo, yaani vifaa vidogo vinavyopima presha au joto na kupeleka ishara kwenye paneli inayoendesha mtambo. Vya presha nimetumia aina tatu, vya joto pia aina tatu, na ninaandika kwa ajili ya fundi au mwenye kiwanda anayetaka kujua ni kipi kitaendelea kusema kweli baada ya masika mawili.

Nianze na maji, kwa kuwa ndiyo yaliyoniharibia vihisi vingi kuliko sababu nyingine zote zikijumlishwa. Hewa ya Dar es Salaam miezi ya Februari na Machi hufika nyuzi joto 32 au 33 mchana, na imebeba unyevu mwingi kiasi kwamba kitu chochote chenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 au 25 hutoa jasho. Bomba linalorudisha gesi kwenye kompresa liko chini ya hapo saa zote mtambo unapofanya kazi, na kihisi cha presha kilichofungwa juu yake hupoa pamoja nalo. Kila mtambo unapowaka na kuzimika, hewa iliyo ndani ya plagi yake husinyaa na kutanuka, ikivuta unyevu kidogo kidogo. Unyevu huo hugeuka maji, maji hugeuka barafu, barafu huyeyuka, na mzunguko huo hurudiwa mara nyingi kwa siku.

Kihisi cha kwanza nilichokitumia kilikuwa cha bei ya chini, nilichokinunua Kariakoo kwa muuzaji ambaye sitamtaja, chenye kiini cha kauri, mwili wa shaba nyeupe na ile plagi ya mraba inayofungwa kwa skrubu moja katikati. Kilifanya kazi vizuri miezi saba. Mwezi wa nane mlinzi alinipigia simu saa kumi na moja alfajiri akisema, “Fundi, mashine inaunguruma tangu jana jioni na haijapumzika, lakini chumba kinapata joto.” Nilipofika, chumba kilichopaswa kuwa kwenye hasi 20 kilikuwa kimepanda hadi hasi 12. Nililegeza skrubu ya plagi, na maji kiasi cha kijiko cha chai yakanitiririkia kwenye kiganja. Pini mbili kati ya nne zilikuwa zimeota ukungu wa kijani.

Inafaa kueleza kilichotokea, maana fundi asiyekijua atabadilisha vali au kuongeza gesi bure. Kihisi hicho kilikuwa cha waya mbili, kinachotuma kipimo chake kama umeme wa miliampea 4 mpaka 20. Maji yenye chumvi kati ya pini zake yalipitisha umeme pembeni ya kihisi, na umeme huo ukajumlishwa kwenye ishara. Kwa kihisi kinachopima kuanzia bar hasi 1 hadi bar 12 (bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa usawa wa bahari), nusu miliampea tu ya kuvuja huongeza takriban bar 0.4 ambazo hazipo. Kwa gesi ya kupozea iitwayo R404A, ikiwa inachemkia karibu na hasi 28, kosa hilo ni kama nyuzi 5. Paneli hupima joto la ziada la gesi, yaani tofauti kati ya joto la gesi inayorudi na joto ambalo gesi hiyo huchemkia kwa presha iliyopo, na nilikuwa nimeiagiza ishike nyuzi 7. Ilipoona zimebaki 2, ikadhani gesi ikiwa bado kimiminika inakaribia kuingia kwenye kompresa, ikabana vali inayoingiza gesi kwenye ivaporeta, yaani sehemu inayopoza chumba. Ivaporeta ikanyimwa gesi, chumba kikapata joto, na kompresa ikaendelea kuzunguka usiku kucha kwa kuwa presha iliyoonekana kwenye paneli haikuwahi kushuka hadi kiwango cha kuizima.

Tangu siku ile sinunui tena kihisi cha plagi ya kufungua kwa upande wa baridi, isipokuwa mteja ameshanunua na hakuna namna. Ninatafuta chenye kebo iliyoyeyushwa pamoja na mwili kiwandani, chenye kinga ya IP67 (haipitishi vumbi wala maji), na mwili wa chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316L, kwa sababu upepo wa bahari hula shaba nyeupe na chuma cha daraja la chini. Kama ni lazima kutumia plagi, mlango wake wa waya uelekezwe chini, kebo ipindwe kama bembea kabla ya kupanda juu ili maji yadondokee kwenye kona na yasifuate waya hadi ndani, na kihisi kisimame juu ya bomba, kwani kikining’inia chini yake hujaa mafuta ya kompresa.

Aina ya pili niliyoitumia ni ile inayotoa volti 0.5 hadi 4.5 kwa kulishwa volti 5. Ni ya bei nafuu, paneli nyingi za vyumba vidogo zinaikubali, na pale kebo isipozidi mita chache sina malalamiko makubwa. Kwa mitambo mikubwa siipendekezi. Ishara yake ni volti ndogo, hivyo kutu yoyote kwenye maungio ya waya hula sehemu yake, na kebo ikipita jirani na inveta, kifaa kinachobadilisha kasi ya kompresa, namba kwenye kioo huanza kucheza. Miliampea 4 hadi 20 huvumilia urefu wa waya na maungio mabovu, na ina faida nyingine ninayoithamini zaidi: presha ya chini kabisa ni miliampea 4, kwa hiyo waya ukikatika ishara inakuwa sifuri na paneli inatambua papo hapo kwamba kihisi hakipo.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo ninayoinunua sasa, ni AKS 33 ya kampuni ya Danfoss, ya miliampea 4 hadi 20, yenye mwili wa chuma kisichoshika kutu na inayokubali gesi zote pamoja na amonia. Mtengenezaji anaeleza kwamba inaweza kufungwa kwenye bomba la gesi inayorudi hata ikafunikwa kabisa na donge la barafu. Nimeziona zikiwa hivyo kwa misimu miwili, zimezama ndani ya barafu nene kama ngumi, na nikizilinganisha na geji yangu sioni tofauti ya kunisumbua. Jambo lingine ambalo wengi hawaliangalii ni kwamba zile za presha ndogo zimerekebishwa kiwandani kwa mwili wenye joto kati ya hasi 30 na 40, na zile za presha kubwa kwa sifuri hadi 80. Kihisi cha upande wa kondensa, sehemu inayotoa joto nje, kilicho juu ya paa la bati, jua la saa nane likikipiga, kinahitaji kiwango hicho cha pili. Bei yake iliniuma, kwani ilikuwa karibu mara tatu ya kile cha kwanza, ila nimekwishanunua vile vya bei nafuu mara nne kwa tundu lile lile.

Kuhusu kiwango cha kupima, kosa ninalolikuta kila mahali ni kihisi kimoja cha bar hasi 1 hadi 34 kufungwa pande zote mbili ili stoo iwe na aina moja tu. Kwa upande wa kondensa ni sawa: hewa ikiwa ya nyuzi 35 hadi 40 juu ya paa, R404A hugeuka kimiminika kwenye nyuzi 50 hivi, ambapo presha yake ni karibu bar 22 kwa geji, yaani juu ya presha ya hewa. Kwa upande wa baridi ni hasara. Kosa la asilimia 1 ya kiwango chote cha kihisi hicho ni bar 0.35, na bar 0.35 kwenye gesi inayochemkia hasi 28 ni nyuzi 4 nzima. Kihisi cha hasi 1 hadi 12, chenye asilimia ile ile, kitakosea nyuzi 1 na nusu tu.

Hata hivyo, usishuke chini mno bila kusoma presha ya juu inayoruhusiwa. Mtambo ukizimwa siku mbili kwa matengenezo, chumba kikiwa tupu na milango wazi, gesi yote hufikia joto la hewa, na R404A kwenye nyuzi 33 ina presha ya zaidi ya bar 14 kwa geji, upande wa baridi na upande wa moto sawasawa. Nimeona kihisi cha hasi 1 hadi 7, ambacho karatasi yake iliruhusu mara mbili ya kiwango tu, kikirudi kazini Jumatatu kikiwa kimehama sifuri yake na kisirekebishike. Ulaya mtambo uliozimwa hukaa kwenye nyuzi 15 au 20, na pengine ndiyo maana muuzaji wake hakuliwaza jambo hili. Wenye kufikiria mitambo ya kaboni dayoksaidi nao wakumbuke kwamba gesi hiyo, ikipita nyuzi 31, haigeuki tena kuwa kimiminika kwa presha yoyote, hivyo mchana wa Pwani upande wake wa moto hufanya kazi juu ya bar 74, mara nyingi 90 na zaidi.

Kuna somo nililipata mbali na bahari. Niliitwa Mwanza kusaidia kiwanda cha minofu ya sangara kinachotumia amonia, na fundi mwenzangu wa pale alikuwa na hakika kwamba vihisi vipya ni vibovu. “Kaka, angalia mwenyewe,” aliniambia, akiwa ameshika kihisi kilicho wazi mkononi, “hakijafungwa popote na kinasoma hasi 0.13.” Kihisi kilikuwa kizima. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina presha ya takriban bar 0.88, wakati kihisi cha aina ile kimezibwa kiwandani na kupewa sifuri kwenye bar 1.013 ya usawa wa bahari. Paneli nayo huongeza 1.013 ile ile inapotafuta joto la kuchemka, kwa hiyo hesabu inatoka sahihi. Kama angeiongezea paneli bar 0.13 ili isome sifuri, kama alivyokuwa amekusudia, amonia inayochemkia hasi 40 ingeonekana iko kwenye hasi 37. Vihisi vyenye tundu la kupumulia, ambavyo husoma sifuri kwa hewa ya popote vilipo, ndivyo vinavyoleta kosa hilo vikipandishwa Mwanza, Nairobi au Mbeya bila kubadilisha namba ile ya 1.013, na kwa kuwa tundu lenyewe ni njia ya unyevu, nimeviacha kabisa.

Kwa vihisi vya joto maelezo yangu ni mafupi zaidi. Vile vya NTC, ambavyo ukinzani wake wa umeme hupanda joto likishuka, vyenye omu 10,000 kwenye nyuzi 25, ni rahisi na vinapatikana kila duka, na kwa friji ya dukani vinatosha. Ndani ya chumba cha hasi 20 ukinzani wake hupita omu 60,000, na unyevu ukipenya kwenye ncha yake na kuvujisha umeme kwa kiasi cha omu milioni 1, kitasoma joto zaidi ya nyuzi 1 kupita lililopo, na kompresa itaendeshwa bure. Unyevu ule ule kwenye Pt1000, kihisi cha platinamu chenye omu 1,000 kwenye nyuzi sifuri, huleta kosa la nyuzi 0.2 tu. Pt100, ya omu 100, ni nzuri vivyo hivyo kwa ndani, tatizo ni waya. Kwa umbali wa mita 40 na kebo ya milimita mraba 0.75, kwenda na kurudi kuna karibu omu 2, ambazo kwa Pt100 ya waya mbili ni nyuzi 5 za uongo na kwa Pt1000 ni nusu nyuzi. Ukilazimika kutumia Pt100, iwe ya waya tatu au nne na paneli ikubali hivyo.

Kwa bomba ninatumia AKS 11, ambayo ni Pt1000 ya kufungwa juu ya bomba, nikiweka mafuta ya kupitishia joto katikati, nikiikaza kwa mkanda na kuifunika kwa sponji nyeusi iliyozibwa kingo zote. Sponji ikiachwa wazi upande mmoja, kihisi husoma bomba na hewa ya chumba cha mashine kwa pamoja. Kwa kile kinachozamishwa ndani ya mrija wa bomba, mrija ujazwe mafuta hayo hadi juu, la sivyo maji ya umande hujikusanya mle, huganda na kukipasua.

Kila kihisi cha joto ninakijaribu kabla ya kukifunga, kwa barafu iliyopondwa na maji safi kwenye chupa ya chai, nikikoroga dakika kumi. Kinapaswa kusoma sifuri, na Pt1000 ya daraja B inaruhusiwa kukosea nyuzi 0.3. Barafu iwe ya maji ya bomba yasiyo na chumvi. Siku moja msaidizi wangu alinichotea ile iliyokuwa imekaa na kamba wa baharini kwenye boksi, ina chumvi, na vihisi vyote sita vikasoma chini ya sifuri hadi nilipoionja.