Taarifa ya maporomoko ya theluji ya SLF: huduma ya kutegemewa, hasa majira ya kuchipua

Kwa yeyote anayepanda milima ya Uswisi mwezi Machi au Aprili, kwa skii au kwa miguu, ninashauri kwa dhati aisome taarifa ya maporomoko ya theluji ya taasisi ya utafiti ya SLF, iliyoko Davos, kabla hata ya utabiri wa kawaida wa hali ya hewa. Taasisi hiyo imekuwa ikiitoa tangu mwaka 1945, na leo inapatikana bila malipo kwenye tovuti yake na kwenye programu ya simu ya White Risk, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza.

Majira ya baridi hutoka kila siku saa 11 jioni, kisha huhuishwa saa 2 asubuhi. Ramani yake hufuata kipimo cha Ulaya cha hatari ya maporomoko, chenye ngazi 5, na wasomaji wengi huishia kwenye namba hiyo. Ni hasara kubwa. Ngazi ya 3 huonekana ya wastani kwa kuwa iko katikati, ilhali karibu nusu ya vifo hutokea inapokuwa imetangazwa. Maelezo yaliyo chini ya ramani ndiyo yanayotaja hatari iko upande gani wa mlima, kuanzia mita ngapi, na kama inatokana na theluji mpya, theluji iliyorundikwa na upepo, tabaka dhaifu ndani ya theluji au maji ya kuyeyuka.

Hayo maji ndiyo yanayoipa taarifa hii thamani ya pekee wakati wa kuchipua. Usiku usio na mawingu, theluji hupoteza joto na uso wake huganda ukoko mgumu, hata hewa ikiwa juu kidogo ya nyuzi 0. Asubuhi jua huanza kulainisha miteremko inayotazama mashariki, halafu ya kusini, na alasiri ya magharibi, huku maji yakipenya hadi tabaka za chini na kulegeza mshikamano wake. Katika siku za namna hiyo taarifa hutenganisha hali ya asubuhi na ya mchana, jambo ambalo utabiri wa mvua na joto peke yake hauwezi kukuambia.

Kikwazo ni saa. Wapandaji wa kuchipua huondoka alfajiri, toleo la asubuhi likiwa bado, hivyo hutegemea la jioni, lililoandikwa kabla haijajulikana kama mawingu yatatanda usiku. Yakitanda, ukoko hauwi imara, na mpangilio wote wa saa hubadilika. Hapo hakuna budi kupima mwenyewe: kanyaga theluji mwanzoni mwa njia, na kiatu kikizama hadi kifundo alfajiri ile, achana na miteremko mikali.

Ndani ya White Risk ninaithamini zaidi ramani ya miinuko, inayoonyesha kwa rangi sehemu zenye mwinamo wa nyuzi 30 na kuendelea, ambako maporomoko mengi huanzia. Isomwe pamoja na kile kilichoko juu ya njia, si njia yenyewe tu, kwa sababu theluji iliyolowa huweza kuteremka hadi bondeni kwenye tambarare.