Gereji ya Ndeeba inayoufungua waya wa breki ya mkono badala ya kuukaza tu

Kwa mwenye gari kuukuu linalopanda na kushuka vilima vya Kampala kila siku, ninapendekeza bila kusita gereji ndogo iliyopo Ndeeba, kando ya barabara ya Masaka, kwa kazi moja ambayo mafundi wengi huifanya kijuujuu: kusafisha na kulainisha waya wa breki ya mkono. Sheria ya mwaka 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini yaliyokwisha kuingia bado yapo barabarani, na nyaya zake zinazeeka nayo.

Langu ni Toyota Corolla ya mwaka 1996, ya otomatiki, yenye breki za dramu kwenye magurudumu ya nyuma. Mpini wa breki ulikuwa mzito na ulipanda juu mno kabla ya kushika, na hata ukishushwa, gurudumu la nyuma la kushoto liliendelea kubanwa hadi likapata joto na kutoa harufu ya kuungua. Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo haipo Ndeeba, ilikaza nati ya kurekebishia na kunirudishia ufunguo. Kweli, mpini haukupanda tena juu kama awali, lakini gurudumu likazidi kubanwa, kwa sababu nati hiyo huondoa ulegevu wa waya tu. Kutu iliyomo ndani ya ala, yaani ganda linaloufunika waya, haiigusi.

Fundi wa Ndeeba alianzia panapostahili. Aliweka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, akainua sehemu ya nyuma kwa jeki na kuikalisha juu ya stendi za chuma, akalegeza nati, akafungua dramu na kuuchomoa waya wote. Kisha aliniita nione. Alishika ncha ya waya na kuivuta. Nyuzi za chuma zilizosokotwa zilisogea kidogo, zikakwama. Mpira wa kukinga vumbi ulikuwa umepasuka, na vumbi jekundu la murram, udongo wa barabara zisizo na lami, pamoja na maji ya mvua vilikuwa vimeingia hapo na kugandamana.

"Mzee, hizi za otomatiki ndizo zinazoniletea kazi hii," aliniambia. "Watu wanaweka P, mkono wanausahau."

Maneno yake ni ya kweli kabisa. Gari likiwa kwenye P, yaani gia ya kuegeshea, huzuiwa na jino dogo la chuma ndani ya gia boksi, na ukiegesha kwenye mteremko wa Muyenga bila breki ya mkono, uzito wote wa gari unalala juu ya jino hilo, huku waya usiovutwa kwa miezi ukishikana na kutu palepale ulipo.

Aliusimamisha waya wima, akapuliza mafuta mepesi ya kupenyeza kwenye mdomo wa ala, akawa anausukuma na kuuvuta mpaka uchafu wa rangi ya kutu ulipokwisha kutoka upande wa pili. Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuishia hapo, maana mafuta mepesi hufungua kilichokwama lakini hayakai. Aliufuta waya, akaingiza grisi nyeupe ya lithiamu ya kupuliza, ambayo kiyeyushi chake huibeba hadi ndani kisha hukauka na kuiacha grisi peke yake. Hakugusa oili chakavu ya injini, ambayo wengi huitumia kwa sababu haina gharama, ingawa imejaa masizi na chembe za chuma na hunasa vumbi upya. Alikagua pia nyuzi zote kwa kidole kilichofungwa kitambaa, akisema kwamba angekuta hata uzi mmoja uliokatika, asingeulainisha bali angenituma nikanunue waya mpya. Kabla ya kurudi kwenye viatu vya breki, vile vinavyobana dramu kwa ndani, alinawa mikono kwa sabuni, jambo la lazima, kwani grisi ikigusa viatu hivyo breki hupoteza nguvu.

Urekebishaji nao aliufanya kwa mpangilio sahihi: kwanza viatu ndani ya dramu, mwisho ndipo nati ya waya. Sasa mpini ukivutwa unashika kati ya mlio wa 5 na wa 8, na ukishushwa magurudumu yote mawili huzunguka kwa mkono bila kukwaruza.

Nililipa shilingi 60,000, nami naona ni bei ya haki kwa kazi ya nusu siku. Kasoro zipo. Hawakunipa risiti mpaka nilipoidai, na hawaweki akiba ya mipira ya kukinga vumbi, hivyo nililazimika kwenda kuitafuta kwenye maduka ya spea ya Kisekka huku gari likiwa bado juu ya stendi. Atakayekwenda aichungulie mipira yake mapema, na ikiwa imepasuka, afike na mipya mkononi.